Metasploit ya zamani kwenye Kali ya leo: kabla hujalazimisha, soma hapa

*"Shikamoo mwalimu. Mimi ni kijana wa Chumbageni hapa Tanga, najifunza mwenyewe usalama wa mitandao. Nina vitini vya mafunzo nilivyoachiwa na kaka yangu, na vyote vinatumia Metasploit 4, ile zana ya kujaribu kupenya mifumo, na amri ya msfpayload. Kali yangu, ile Linux ya kazi za usalama, ina Metasploit 6, amri hiyo haimo. Nikaiondoa, nikapakua faili la .deb la toleo la zamani kwenye tovuti moja, likagoma, nikalilazimisha kwa dpkg --force-depends. Niliongeza pia mstari wa hazina (ghala la programu) ya Kali ya zamani. Sasa apt, ile ya kusakinishia programu, imekwama, kila nikiomba programu inaniambia kuna vitegemezi havijatimia. Kompyuta yangu ina RAM ya GB 4 na bando langu ni la kuungaunga, sitaki kupakua Kali upya. La pili, bosi wangu kwenye ofisi ya kutoa mizigo bandarini amesema nikishaiweza niijaribu mifumo ya ofisi. Nifanyeje niipate Metasploit 4?"*

Marahaba, mdogo wangu. Umeeleza vizuri, na mtu anayeeleza alichofanya hatua kwa hatua ni rahisi kumsaidia. Nimeona umebeba mambo matatu kwa pamoja: vitini visivyoendana na programu uliyonayo, kompyuta iliyokwama, na kazi ya ofisi ambayo bado hujaianza. La katikati ndilo linalokuumiza leo, lakini nianze na vitini, kwa sababu huko ndiko safari yote ilikoanzia, na nadhani haikuwa lazima uianze.

Metasploit 4 uliyoisoma haikupotea. Ilikua. Programu hii ilianzishwa na H. D. Moore mwaka 2003 kwa lugha ya Perl, ikaandikwa upya kwa Ruby, na mwaka 2009 ikanunuliwa na Rapid7. Toleo la 4 lilitoka 2011, la 5 mwanzoni mwa 2019, la 6 mwaka 2020. Katikati ya safari hiyo, mwaka 2015, amri mbili za zamani za kutengeneza na kusimba mizigo (msimbo unaotumwa kwenye mashine inayolengwa), `msfpayload` na `msfencode`, ziliondolewa, na kazi yao ikabaki kwa amri moja inayoitwa `msfvenom`. Mwaka huohuo `msfcli` nayo ikaondolewa, na kazi yake sasa inafanywa na `msfconsole -x` ikifuatiwa na amri zako ndani ya alama za nukuu. Kwa hiyo vitini vya kaka yako viliandikwa kabla ya katikati ya 2015, au na mtu aliyejifunza kabla ya hapo. Ulichokosa ni jina la amri. Kazi yenyewe bado imo kwenye toleo la 6.

Chukua kitini chako ukisome upya kwa jicho hilo. Kila penye `msfpayload` au `msfencode`, fungua `msfvenom --help` uone chaguo lipi linafanya kazi ileile. Penye `RHOST`, yaani anwani ya mashine inayolengwa, andika `RHOSTS`, maana tangu toleo la 5 moduli moja (kipande cha Metasploit chenye shambulio au kazi fulani) inaweza kulenga mashine nyingi. Penye `db_autopwn`, ruka. Amri ile ilikuwa ikirusha kila shambulio lililoonekana kufaa bila mtu kufikiri, na kuondolewa kwake hakujamnyima mwanafunzi chochote. Mengine yote, `search`, `use`, `show options`, `set`, `run`, yapo kama yalivyokuwa. Utajifunza zaidi kwa kutafsiri kitini kuliko kukinakili, kwa sababu utalazimika kuelewa kila mstari unataka nini.

Kuna dhana moja nataka uiache hapahapa. Wengi wanadhani kwamba ili ujifunze kuvunja mfumo wa zamani unahitaji chombo cha zamani. Sivyo. Kinachohitaji kuwa cha zamani ni kile kinachoshambuliwa. Metasploitable 2, mashine ya mazoezi ambayo Rapid7 waliitengeneza ikiwa imejaa mashimo kwa makusudi, imejengwa juu ya Ubuntu 8.04. Ndani yake mna vsftpd 2.3.4, seva ya kuhamishia mafaili, ile nakala iliyotiwa mlango wa siri mwaka 2011. Metasploit 6 ya leo bado ina moduli ya mlango huo, nayo inafanya kazi.

Sasa tuje kwenye kompyuta yako.

Programu kubwa kwenye Linux haijitoshelezi. Inategemea maktaba zilizokwisha kuwemo kwenye mfumo, na kila maktaba ina namba inayosema ni ya kizazi gani. Maktaba ya usimbaji ya OpenSSL, kwa mfano, iliwahi kuwa `libssl.so.1.0.0`, ikaja `libssl.so.1.1`, na Kali ya leo inatumia `libssl.so.3`. Programu iliyotengenezwa ikiitafuta ya kwanza haitaridhika na ya tatu, hata kama zote zinaitwa OpenSSL. Juu ya hapo kuna Ruby yenyewe. Mwaka 2016 Ruby 2.4 ilibadilisha aina za namba kamili, na Ruby 3.2 ikayafuta kabisa majina ya zamani, `Fixnum` na `Bignum`. Msimbo wa Metasploit wa 2014 ukikutana na Ruby ya leo utasimama mistari michache tu baada ya kuanza. Ni kama kuvalisha tairi la baiskeli la 26 kwenye rimu ya 28: fundi yeyote wa Ngamiani atakwambia tatizo si nguvu za mikono.

Faili la .deb linajua hayo yote. Ndani yake kuna orodha ya vitegemezi, na dpkg ilipogoma ilikuwa imeisoma orodha hiyo ikaona haitimii. Ulipoandika `--force-depends` hukuziongeza maktaba zilizokosekana, uliinyamazisha tu ile sauti iliyokuwa ikikuonya. Kifurushi kikaandikwa kwenye daftari la mfumo kama kimewekwa, vitegemezi vyake havipo, na tangu hapo apt kila ikikokotoa hesabu zake inakuta hazifungi. Ndiyo maana inakataa hata kukuwekea programu ndogo isiyohusiana kabisa na Metasploit. Halafu ule mstari wa hazina ya zamani umeongeza fujo, kwa sababu apt sasa inaona majira mawili ya Kali kwa wakati mmoja na inajaribu kuyapatanisha. Watu wa Debian, ambayo ndiyo mama wa Kali, wamekuwa wakiwasihi watumiaji wao miaka yote wasichanganye hazina za matoleo tofauti, na hii ndiyo sababu.

Kama kifurushi kile ungekuwa umekichukua kwa Rapid7 au kwa Kali wenyewe, ningekwambia urekebishe hivi. Futa ule mstari wa zamani kwenye `/etc/apt/sources.list`, na uangalie pia faili zilizomo kwenye `/etc/apt/sources.list.d`. Ubaki mmoja tu:

`deb http://http.kali.org/kali kali-rolling main contrib non-free non-free-firmware`

Kisha ondoa kifurushi ulicholazimisha kwa `sudo dpkg --remove` na jina lake, endesha `sudo apt update`, halafu `sudo apt --fix-broken install`. Hiyo ya mwisho itakuonyesha orodha ya vitu inavyotaka kuondoa kabla haijafanya lolote. Isome yote. Ukiona inataka kuondoa mazingira ya eneo-kazi au nusu ya mfumo, jibu hapana na utafute msaada. Ikitulia, `sudo apt install metasploit-framework` itakurudishia toleo la sasa. Na kama `apt update` italalamika kuhusu sahihi, jua kwamba Kali walibadilisha ufunguo wao wa kutia sahihi hazina mwezi Aprili 2025. Mfumo uliosakinishwa kabla ya hapo unahitaji ufunguo mpya kutoka tovuti yao kwanza.

Lakini wewe umeniambia "tovuti moja", na hapo ndipo moyo wangu umekwama. Kifurushi cha .deb kinapowekwa, dpkg huendesha hati za amri zilizomo ndani yake kwa mamlaka ya root, yaani yule anayeweza kila kitu kwenye kompyuta. Aliyekitengeneza kifurushi alikuwa na dakika yake ya kufanya chochote alichotaka ndani ya kompyuta yako, hata kama Metasploit yenyewe haikuwahi kufunguka. Wahalifu hupenda sana kutega mitego ndani ya zana za usalama, kwa sababu wanajua wanaozitafuta ni vijana wenye shauku, wanaofanya kazi kama root na waliozoea kupuuza maonyo ya antivairasi. Sijasema faili lako lina kitu kibaya. Nasema huna njia ya kuwa na hakika kwamba halina, na ukiwa ndani ya mfumo unaoushuku huwezi kuutumia mfumo huohuo kujithibitishia usalama wake.

Kwa hiyo najua hukutaka kusikia hili, lakini sakinisha Kali upya. Hamisha kwanza hati na picha zako kwenye flashi, usihamishe programu wala hati za amri. Nenosiri la barua pepe, la mitandao ya kijamii na la kitu chochote cha fedha ulichowahi kukifungua kwenye kompyuta hiyo, vibadilishe ukitumia simu au kompyuta nyingine, leo, bila kusubiri siku ya kusakinisha.

Kuhusu bando, picha ya kusakinishia Kali huzidi GB 3, na najua hiyo ni gharama. Huna haja ya kuipakua wewe. Muombe mwenzako anayesoma mambo haya, au mtu wa chuoni mwenye intaneti ya uhakika, akupe kwenye flashi. Cha muhimu ni kuihakiki: endesha `sha256sum` kwenye faili hilo, halafu linganisha herufi na namba zote 64 na zile zilizochapwa kwenye tovuti rasmi ya Kali. Kufungua ukurasa ule kunakula bando kidogo mno. Zikilingana, haijalishi faili limepita mikononi mwa nani. Zikitofautiana hata herufi moja, lifute.

Baada ya hapo, je, kuna wakati toleo la zamani linahitajika kweli? Upo. Unaweza kutakiwa kurudia jaribio lililoandikwa kwenye ripoti ya miaka iliyopita ili upate matokeo yaleyale. Moduli fulani inaweza kuwa ilifanya kazi vizuri kwenye toleo moja ikaharibika kwenye linalofuata. Kuna pia suala la Meterpreter, mzigo wa Metasploit unaokuwezesha kuiamuru mashine uliyoiingia: toleo la 6 lilikuja na usimbaji mpya wa mawasiliano, na mizigo iliyotengenezwa na matoleo ya nyuma haiwezi kuongea nalo. Ukijikuta kwenye hali kama hiyo, kanuni yangu ni moja: usiivute programu ya zamani ije kwenye mfumo wa leo. Iache ibaki na mfumo wa wakati wake, maktaba zake na Ruby yake, vyote vikiwa vimetengwa na kompyuta yako.

Njia ninayoipenda zaidi ni mashine pepe, yaani kompyuta inayoendeshwa ndani ya kompyuta yako kwa programu kama VirtualBox. Kali wanahifadhi picha zao za zamani kwenye old.kali.org. Picha za Kali 1, zilizotoka kati ya 2013 na mwanzoni mwa 2015, zina Metasploit 4 yenye `msfpayload` yako. Zile za hadi mwisho wa 2018 bado zina toleo la 4 lakini bila amri hiyo, na kuanzia 2019.1 ni toleo la 5. Unaiweka ndani ya VirtualBox, unaingia kwa jina `root` na nenosiri `toor` kama ilivyokuwa kabla ya 2020, na unaiacha ilivyo. Usijaribu kuendesha `apt upgrade` ndani yake, maana hazina ya leo itaivuruga kama ile ya zamani ilivyovuruga kompyuta yako, ila kwa mwelekeo wa kinyume. Na usiipe intaneti. Chombo cha usalama cha zamani nacho kina mashimo: mwaka 2020 iligundulika kwamba `msfvenom` hadi toleo la 6.0.11 ingeweza kuendesha amri za adui ikiwa ungeipa faili la APK (programu ya Android) lililotegwa ilitumie kama kiolezo. Toleo la 4 halikurekebishwa wala halitarekebishwa.

Docker, inayoendesha programu ndani ya makontena yaliyotengwa, ni nyepesi zaidi, na kwa RAM ya GB 4 hilo ni jambo kubwa. Rapid7 huchapisha makontena ya Metasploit yenye namba za matoleo, kila moja na Ruby yake ndani. Kwa matoleo ya karibuni ni njia nzuri sana. Kwa yale ya zama za vitini vyako haitakufikisha.

Kuna pia njia ya kuchukua msimbo wenyewe kwa git, kuchagua toleo, kusakinisha Ruby inayotajwa kwenye faili la `.ruby-version` kwa kutumia rbenv, halafu kuiacha Bundler ivute vito (gems, yaani maktaba za Ruby) vilivyoorodheshwa kwenye `Gemfile.lock`. Inafundisha mengi, na ukiijua utakuwa fundi kweli. Lakini Ruby za kabla ya 3.1 haziungani na OpenSSL 3, kwa hiyo utalazimika kujenga OpenSSL ya zamani pembeni, na kabla hujamaliza bando litakuwa limekwisha. Ukiijaribu siku moja, tumia `git clone --depth 1 --branch` na namba ya toleo ili usipakue historia nzima ya mradi. Ujue pia kwamba Metasploit zote za 4, 5 na 6 huandika kwenye folda ileile ya `~/.msf4`. Kanzidata iliyokwisha kusogezwa mbele na toleo jipya haitaelewana na la zamani, kwa hiyo nakili folda hiyo kwanza.

Na kama unachotaka ni kurudi nyuma wiki mbili tatu tu kwa sababu sasisho limeharibu kitu, angalia `/var/cache/apt/archives`, huenda faili la awali bado limo. Ukilirudisha, `sudo apt-mark hold metasploit-framework` italizuia lisisasishwe mpaka utakapoliachia.

Kwa kompyuta yako mahususi ningefanya hivi: Kali mpya juu ya diski, Metasploit 6 ndani yake, na Metasploitable 2 kwenye VirtualBox ikiwa na RAM ya MB 512. Mtandao wake uwe wa host-only, yaani kati yake na kompyuta yako tu, usiwe wa bridged kamwe, kwa sababu mashine ile ikionekana kwenye mtandao wa nyumbani au wa ofisi mtu mwingine anaweza kuiingia kabla yako. Hapo huhitaji mashine mbili pepe, na GB 4 zinatosha bila kompyuta kuhema.

Sasa ofisi. Hapa naomba unisikilize kama mkubwa wako.

Bosi kukwambia kwa mdomo "ijaribu mifumo" si ruhusa ya kutosha. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 inalifanya kosa la jinai kuingia kwenye mfumo wa kompyuta bila haki, na inagusa pia kumiliki au kusambaza zana kwa lengo la kutenda makosa hayo. Kinachokutenganisha wewe na mkosaji si nia iliyo moyoni, maana haionekani. Ni karatasi iliyosainiwa. Iandikwe kompyuta zipi na anwani zipi za IP, kuanzia tarehe gani hadi gani, majaribio yapi yanaruhusiwa na yapi hayaruhusiwi, na nani wa kupigiwa simu kitu kikizimika. Isainiwe na mwenye mamlaka ya kampuni.

Halafu kuna jambo ambalo bosi wako huenda hajalifikiria. Ofisi ya kutoa mizigo inafanya kazi zake ndani ya mifumo ya watu wengine. TANCIS, mfumo wa forodha, ni ya TRA. Mifumo ya bandari ni ya Mamlaka ya Bandari. Barua pepe na tovuti ya kampuni zimekaa kwenye seva ya kampuni nyingine, na kile kisanduku cha intaneti ukutani mara nyingi ni mali ya mtoa huduma. Bosi anaweza kukuruhusu kwenye kompyuta za meza za ofisi yake, na hawezi kukuruhusu kwenye kimojawapo cha hivi vingine hata akisaini mara kumi. Ukielekeza skani kwenye anwani ya TANCIS "kuona tu", umevuka mpaka. Na nyaraka za wateja utakazokutana nazo njiani, namba zao za TIN, ankara zao na nakala za vitambulisho, zinalindwa na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022.

Nitakwambia pia nisemalo kwa yeyote aliye kwenye hatua yako: usianze na Metasploit pale ofisini. Anza na orodha ya kompyuta zilizopo, zipi zina Windows isiyopata tena masasisho, nani anatumia nenosiri la pamoja, nakala za akiba zinahifadhiwa wapi na kama kuna mtu amewahi kujaribu kuzirejesha. Kazi hiyo haivunji kitu, na kwa ofisi nyingi za ukubwa huo inaokoa zaidi kuliko shambulio lolote la majaribio.

Tafuta mtu ana kwa ana kwenye hali hizi. Ikiwa kompyuta ile yenye faili la shaka uliwahi kuiunganisha na mtandao wa ofisi, au kuweka ndani yake nenosiri la TANCIS la kampuni, mwambie bosi wako kesho asubuhi, nenosiri libadilishwe, na aombe ushauri wa TZ-CERT, kitengo cha matukio ya kimtandao kilicho chini ya TCRA, Mamlaka ya Mawasiliano. Usiogope kusema, kuchelewa ndiko kunakogharimu. Ikiwa ofisi inataka jaribio kamili la kupenya, waajiri mtu anayefanya kazi hiyo kwa mkataba, na wewe omba ukae pembeni yake ujifunze. Na kwa kusakinisha upya, kama hujawahi kugawa diski, nenda kwa fundi anayeitumia Linux yeye mwenyewe. Muulize kabla hujamkabidhi kompyuta, na ukae naye mpaka amalize.

Ukishamaliza kusakinisha, endesha `apt policy metasploit-framework` na uniandikie inachokujibu, pamoja na mstari wa kwanza wa kitini unaokushinda kuutafsiri. Tuendelee kutoka hapo.